Alama ya Ukucha

Mtu akikusanya stempu watu humwita msomi. Mimi nilikusanya visu vya kukunja, na pale Likasi walisema tu kwamba nina kichwa kigumu, jambo ambalo mke wangu alikuwa amekwisha kuligundua kabla ya kisu cha kwanza kuingia nyumbani. Yeye aliviita wake wenza. Akinikuta mezani nimevipanga juu ya gazeti, natia tone la mafuta kwenye ribiti, ananipitia nyuma na kuuliza, "Leo ni zamu ya nani?" Nilimwacha aseme. Mwanamke anayetania bado yuko upande wako.

Nilikuwa karani wa stoo ya vifaa katika kampuni ya migodi, baada ya serikali kuichukua kwa Wabelgiji na kutuambia kwamba sasa ni mali yetu sote. Stoo yangu ilikuwa na dirisha lenye wavu, na kupitia dirisha hilo nilitoa glavu, taa za kichwani, koleo na visu. Fundi wa umeme alipewa kisu siku aliyohitimu mafunzo, mtunza bustani za wakubwa alikuwa na chake, mtu wa nyaya nene naye chake. Ukishavishika kwa miaka huwezi kuvichanganya. Kile cha fundi umeme kilikuwa na mabapa mawili, moja la kukatia na jingine butu la kugeuzia skrubu, mpini wa mti mweusi uliopambwa shaba ya manjano kwenye ncha. Cha bustani kilipinda kama mdomo wa kasuku. Cha mtu wa nyaya kilikuwa kinene, mpini wa pembe ya ng'ombe, na pete ya kukifunga kiunoni ili kisianguke ukiwa juu ya nguzo.

Vyote vilikuwa na kitu kimoja kilichofanana. Karibu na mgongo wa bapa kulikuwa na mfuo mdogo, umechongwa kama mwezi mwandamo. Hapo ndipo unapoingiza ukucha wa kidole gumba ili kulivuta bapa litoke mpinini. Tuliuita alama ya ukucha. Kisu kisichokunjwa hakina alama hiyo, maana hakina haja nayo.

Baba yangu alikuja Likasi kutoka Kasai, kijana aliyeandikishwa kazi ya mgodi, akaishia kwenye nguzo za umeme, kwenye ile laini inayoleta moto kutoka mabwawa ya Mwadingusha na Koni. Kisu chake kilikuwa cha nyaya, mpini wa pembe uliokwisha kuwa laini kama sabuni iliyotumika. Karibu na ncha, bapa lake lilikuwa na pengo dogo lenye rangi ya buluu pembeni, kama jino lililong'oka. Siku moja kule Koni aliugusa waya aliodhani umezimwa. Umeme ulimega chuma badala ya kummega yeye, na hakukubali kamwe pengo lile lipigwe tupa. Alisema kisu kimelipa, na aliyelipa haongezewi deni.

Yeye ndiye aliyenifundisha adabu ya kisu, na haikuwa yake peke yake, ilikuwa ya mji mzima. Kisu unampa mtu kikiwa kimefungwa. Ukimaliza kukata, unafunga, hata kama utakata tena baada ya dakika moja. Jumapili baada ya misa wanaume walikaa mbele ya nyumba za kambi, wale wa Kasai na wenyeji wa Katanga na watu waliotoka mbali zaidi, wakila miwa. Muwa ukiisha ulisikia tak, kisha tak nyumba ya pili, kisha mtaa mzima, visu vinafungwa. Mimi nikiwa mtoto niliipenda sauti hiyo kuliko kengele ya kanisa. Na mtu akisahau chake wazi juu ya meza, yeyote aliyekuwa karibu alimwambia, "Funga ile kisu. Kuko vita hapa?" Watu walicheka, kisu kikafungwa.

Nilianza kukusanya siku niliyofungua kreti jipya pale stoo nikakuta mpini wa plastiki. Nilikasirika kama mtu aliyeuziwa maziwa yenye maji. Kwanza ilikuwa pembe ikawa mti, nikanyamaza. Kisha shaba ya pembeni ikawa bati. Sasa plastiki, na springi dhaifu hata bapa likawa linacheza ndani ya mpini. Nilimwonyesha mkuu wangu. Alivaa ile suti isiyo na tai waliyovaa wakubwa wote wakati huo, akakichukua kisu, akakifungua, akakifunga, akaniambia kinakata. Hakusema uongo. Mwaka uliofuata hakukuja hata vya plastiki. Makreti yakaja nusu, halafu yakaja na karatasi tu ya kusema vitu vitafuata, halafu hayakuja.

Basi nikavifuata vya zamani huko vilikokuwa. Wastaafu walikuwa navyo kwenye makopo ya misumari, wajane walikuwa wakimenyea mihogo. Nilibadilisha kwa unga, kwa sabuni, mara moja kwa shati nililokuwa nimelivaa. Nilikwenda hadi Kambove kwa kisu cha bustani ambacho mwenyewe alikuwa anazibia dirisha. Bapa lililonolewa kwa miaka linamweleza mtu wake. Nilikuwa na kimoja kilicholika upande mmoja tu, kwa sababu mwenyewe alikuwa wa mkono wa kushoto, na kingine kilichobaki chembamba kama sindano, cha mzee aliyekuwa hawezi kukaa bila kunoa. Nilivitunza kwenye bati la biskuti, kila kimoja kimefungwa kwenye kitambaa chake. Watoto wangu walipiga miayo nilipowaonyesha. Hakuna aliyewahi kuniuliza chochote kuhusu visu vile, na nilikuwa na majibu mengi.

Mtu mmoja tu alinielewa, naye alikuwa mhunzi. Alitoka Kambove, mwenyeji hasa, karakana yake ilikuwa ukingoni mwa soko, fuawe yake kipande cha reli. Tuliimba sauti ya nne pamoja kwenye kwaya ya parokia, bega kwa bega, na alikuwa na tabia ya kunikanyaga mguu nikichelewa kuingia. Alikuwa mtu pekee mjini aliyeweza kutengeneza springi ya kisu cha kukunja. Alikata kipande cha msumeno wa chuma, akakipasha moto, akakizamisha kwenye mafuta ya gari, akakisikiliza. Kweli alikisikiliza, ameinamisha kichwa. Stoo yangu ilipokauka, yeye ndiye aliyewapa watu wa Likasi visu vya kukunja, akiiga vya zamani nilivyompelekea. Ribiti zake nilizitambua popote: alizipiga nyundo mara mbili kwa kukatizana, ikabaki alama ya msalaba juu ya kichwa cha ribiti.

Kisha naye akaanza kuacha. Aliniambia kisu cha kukunja kinamla asubuhi nzima, na kisichokunjwa anakimaliza kabla chai haijapoa. Nilimgombeza. Nilimwambia anafanya kama kampuni. Alicheka, akanionyesha tundu la suruali yake.

Wakati huo maneno yalikuwa yameanza. Yule mkubwa kule Kinshasa alikuwa ameruhusu vyama vingi, na badala ya kumgeukia yeye, watu wa kwetu waligeukiana. Kampuni ilikuwa imekufa nusu, mishahara haikuja, na mtu mwenye njaa alielezwa kwamba aliyemla ni jirani yake wa Kasai. Walituita bilulu, yaani wadudu. Mwanzoni ilikuwa mzaha wa sokoni. Mimi nilizaliwa Likasi. Kasai niliijua kwa matamshi ya baba tu, na kwa chumvi nyingi aliyopenda kwenye mboga. Hata hivyo mzaha ule ulinijua mimi ni nani kuliko nilivyojijua. Asubuhi moja mtu aliyepokea glavu mkononi mwangu miaka na miaka alizichukua bila kunisalimu, na nilibaki nimeshika wavu wa dirisha kama mfungwa.

Katika miezi hiyo springi ya kisu cha baba ilivunjika. Nilikifungua nikatie kamba, nikakifunga, sikusikia tak. Bapa lilining'inia tu. Baba alikuwa amekufa zamani, na ninakiri nilisikia kama amekufa tena. Nikakipeleka kwa mhunzi.

Alikigeuza mkononi, akapitisha kidole kwenye pengo la Koni kama alivyofanya kila mara. "Ressort imekufa," alisema. "Minye niko na mawazo. Nipige ribiti mbili, ikae wazi. Isifungwe tena."

"Hapana," nilimwambia. "Tia springi."

"Sasa bantu banapenda ile isiyofungwa."

"Basi wapende. Hii ni ya baba yangu."

Alikiweka kisu mezani. Nyuma yake kulikuwa na karai kubwa limefunikwa gunia, na gunia lilikuwa limeteleza. Ndani yalikuwamo mabapa, mengi, marefu, bado hayajatiwa mipini. Macho yangu yalikwenda yenyewe, ni ugonjwa wa mkusanyaji. Nikatafuta tundu la ekseli, pale bapa linapozungukia likikunjwa, halikuwapo. Nikatafuta alama ya ukucha, haikuwapo. Yalikuwa mepesi mno kwa kukatia miwa, marefu mno kwa jikoni, na membamba kwa bucha. Mimi nilijivunia kwamba ukinionyesha kisu nitakwambia kazi yake. Kwa haya niliiona kazi moja tu.

"Hizi za nani?" niliuliza.

"Commande." Yaani oda ya mteja.

"Ya nani?"

Alishika mvukuto akaanza kuvuta. "Ya bantu," alisema. Kisha akaniambia nirudi Jumatatu.

Niliogopa. Nasema wazi ili mtu asije akadhani sikuona. Niliona kabla ya majirani zangu, kabla ya padri, kwa sababu wao walisikiliza redio na mimi niliangalia chuma. Na pamoja na kuona huko, nilikiacha kisu cha baba pale mezani, nikaenda nyumbani nikiwaza kama springi yake itakuwa ngumu ya kutosha.

Wiki ile vijana wa chama cha wenyeji walianza kuingia kwenye nyumba za watu wetu kutafuta silaha. Ng'ambo ya barabara aliishi fundi cherehani, Mkasai kama sisi, mtu mpole mwenye kikohozi. Walimtoa nje wakampiga mbele ya watoto wake kwa sababu ya mkasi. Mkasi wa kukatia suti. Waliuinua juu watu wauone, na watu waliitikia kwa sauti kama wameonyeshwa bunduki.

Mke wangu alifunga mlango, akanigeukia. Hakutania.

"Lile bati litoke leo," alisema.

Nilisema nitalificha darini. Aliniangalia mpaka nikaona aibu. Nikasema basi nitalizika nyuma ya jiko. Akaniuliza kama nadhani hawana majembe.

Jua lilikuwa bado kali. Alisimama mlangoni mwa choo cha shimo kama mtu anayesubiri zamu, nami nikaingia na bati. Nilivitoa kwenye vitambaa kimoja kimoja. Kile cha mkono wa kushoto. Kile cha sindano. Cha bustani, kilichonipeleka Kambove. Nilikifungua kila kimoja, nikakitazama, nikakifunga ndipo nikakiachia. Sikuweza kukitupa kikiwa wazi. Mke wangu alikuwa anasikia tak, kisha kimya, kisha kile kishindo cha chini, na sauti yake ilipokuja haikuwa na hasira.

"Vimeisha?"

"Vimeisha."

"Na cha baba?"

"Kiko kwa mhunzi."

Aliondoka mlangoni akanipisha nitoke. Kisha aliniambia kwamba watu wengine wa Kasai walikuwa wanaondoka wenyewe, wakiwa bado wanaweza kubeba vitanda na kuuza mbuzi kwa bei ya mbuzi. Kulikuwa na treni wiki ile. Tungeweza kwenda kama abiria. Wiki nyingine, alisema, tutakwenda kama takataka. Nilimjibu: Jumatatu. Nikipata kisu, tunapanda treni inayofuata, na sitasema neno.

Jumatatu mhunzi aliniambia springi ilipasuka kwenye mafuta. Nilimwamini, hutokea. Niliporudi tena hakunikaribisha chini ya paa lake la bati. Alinijia barabarani akifuta mikono, akiangalia mabegani mwangu na si usoni.

"Usikuye tena huku," alisema. "Nitaleta minye mwenyewe ku nyumba."

"Lini?"

"Nitaleta."

Karakana yake nyuma ilikuwa inalia nyundo, na yeye alikuwa amesimama na mimi. Walikuwamo watu wengine wanaofanya kazi humo. Nilikwenda nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba atakileta mwenyewe, tena nilisema kwa namna ya kumsifu. Yeye alikuwa amekwisha kufunga vyombo vyote. Tulikuwa tunapika na kulia kwenye sufuria moja. Alasiri tulisikia treni ikipiga honi kutoka upande wa stesheni, honi ndefu, na hakuna kati yetu aliyeinua kichwa. Baadaye alisema, "Unangoja chuma," akaenda kuanua nguo.

Mhunzi hakuja. Jumapili hakuwa kwenye kwaya, nikaimba sauti ya nne peke yangu, na waliokuwa upande wa kulia walisogea kidogo ingawa benchi lilikuwa limejaa, wakaacha nafasi kati yao na mimi.

Walitufikia asubuhi, na filimbi na nyimbo. Sitaeleza yote. Baadhi yao niliwajua, mmoja nilikuwa nimempa viatu vya kazi kupitia dirisha langu. Tulipewa muda wa kuchukua kinachobebeka mikononi. Mwanamume aliyekuja kuishi kwenye nyumba yetu alikuwa amesimama tayari mlangoni na mkewe na godoro lao. Alinisalimu vizuri, "Bonjour, papa," akasubiri nipite ndipo akaingia. Kabla hatujafika kwenye kona, nilisikia kiti changu kikiburutwa sakafuni. Nilikijua kwa mlio.

Pale stesheni watu wetu walikuwa wamejaa mpaka kwenye reli za pembeni, chini ya vitenge na mabati na makarai yaliyogeuzwa. Treni za abiria hazikuwapo tena. Tulingoja mabehewa ya mizigo, na tulingoja mpaka mvua ikanyesha juu yetu na jua likatukausha na mvua ikarudi. Watoto waliugua tumbo. Watu walikufa, wakazikwa na watu wasiowajua. Kile mke wangu alichokuwa ametaka kukikwepa ndicho nilichompa, na hakunitamkia hata mara moja. Ningependa angesema. Alikaa juu ya furushi letu kubwa alilolifunga kwa kamba ya mkonge, fundo juu ya fundo, na usiku wa mvua alilifunika kwa mwili wake.

Zamu yetu ya behewa ilipofika, walipanga mstari wa upekuzi. Vijana wa chama kile walisimama mbele ya mlango wa behewa na kila furushi lilifunguliwa. Aliyetuangukia alikuwa na shati jeupe la shule, kola imekwisha. Uso wake haukuwa mbaya.

"Fungua, papa," alisema.

Mke wangu aliinama kufungua mafundo yake. Yalikuwa yameloa na kukauka mara nyingi, yalikuwa yamekaza kama jiwe. Kijana alisubiri kidogo, kisha akachomoa kisu kiunoni, akaupitisha mkono chini, kamba ikaachia. Hakuvuta mara mbili. Nilijua ukali ule kabla sijajua kwa nini naujua. Ni ukali wa chuma cha zamani kilichonolewa na mtu mmoja kwa miaka mingi, kwa pembe ileile.

Nikaangalia. Mpini ulikuwa mti mbichi uliozungushiwa mpira wa baiskeli. Kwenye mpini kulikuwa na ribiti mbili mpya, na juu ya kila ribiti msalaba mdogo wa nyundo. Kutoka kwenye mti huo lilitokea bapa fupi kuliko ilivyostahili, na karibu na ncha lilikuwa na pengo, na pengo lilikuwa na buluu pembeni.

Mpaka leo sijui kilifikaje mkononi mwake. Labda waliingia wakachukua kila chuma kilichokuwa mezani wakamlazimisha apige. Labda hakulazimishwa. Nilimwambia hapana, naye alinisikia, kwa sikio lilelile lililosikiliza springi. Nimeyageuza haya kwa miaka kama mtu anayegeuza kisu kutafuta upande wa kukifungulia, na sikuupata.

Mke wangu alikuwa ameona. Wakati baba anaugua, yeye ndiye aliyemmenyea machungwa kwa kisu hicho. Mkono wake ulinishika juu ya kiwiko, ukakaza. Nilielewa anachosema. Mkasai anayekitambua kisu kilicho mkononi mwa wale vijana ni Mkasai aliyekuwa na kisu. Fundi cherehani alikuwa na mkasi tu.

Kijana alipekua nguo zetu kwa mkono mmoja. Mkono mwingine ulibaki na kisu, na kidole gumba chake kilikuwa kinapapasa ubavu wa bapa, kikienda na kurudi, kikisimama mahali palepale. Halafu aliacha kupekua. Aliinua bapa kwenye mwanga, akalitazama, akanitazama mimi, labda kwa sababu nilikuwa mzee na wa karibu.

"Papa," alisema, "hii alama ni ya nini?"

Kucha za mke wangu ziliingia kwenye nyama yangu. Nyuma yetu watu walikuwa wanasukuma, mtoto analia. Maisha yangu yote nilikuwa nimengoja mtu aniulize swali hilo. Nilimchukia kijana yule, na nilitaka kumjibu.

"Ya ukucha," nilisema. "Ni ya kufungulia."

"Kufungulia nini?"

"Kisu. Hiki kilikuwa kinafungwa."

Alikigeuza. Aliweka kiganja mgongoni mwa bapa akalisukuma kuelekea mpini, taratibu, kama mtu anayejaribu mlango wa nyumba ya wenyewe. Halikusogea. Alikuwa anataka kujua kweli, uso wake ulikuwa umefunguka kama wa mwanafunzi.

"Inafungwa," alirudia. "Ju ya nini mutu afunge kisu?"

"Ukimaliza kukata," nilimwambia, "unafunga."

Aliwaza. Akatazama behewa lililokwisha kujaa watu wetu, kisha akaugeuza uso kwenye mstari nyuma yangu, ule uliokuwa unafika mpaka nje ya stesheni, hadi barabarani.

"Shiye bado, papa," alisema. "Hatuyamaliza."

Akatuonyesha behewa kwa ncha ya kisu cha baba, na kumwita mwanamke aliyekuwa nyuma yetu aje na furushi lake.